UZI: Kukamata salfa ya moshi kwa unga mkavu wa sodiamu (trona na baikaboneti). Unavyofanya kazi, hesabu zake, na unapokwama

MhandisiTanuru

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule uzi wa boila za mafuta mazito kuna swali limekuwa likirudi kila ukurasa: kuna namna ya kupunguza salfa dioksaidi bila kujenga mnara wa kuoshea moshi kwa maji? Jibu ni ndiyo, ipo, ni ya miaka mingi, na madini yake yamejaa Bonde la Ufa. Naona lipewe uzi wake ili tusiliharibu lile jukwaa la watu wa boila.

Nimefanya kazi na mitambo ya maji na mitambo ya unga. Msimamo wangu nauweka mwanzoni: mtambo wa unga wa sodiamu ni rahisi kujenga na unafanya kazi kweli, lakini anayeuchagua anatakiwa ajue majivu yake yatakwenda wapi kabla hajalipa hata shilingi ya kwanza. Wauzaji wengi wanaongea asilimia za usafishaji kwa saa nzima, majivu wanayagusa dakika ya mwisho wakati watu wameshasimama kwenda kula.

Twende kwenye kazi yenyewe.

Mafuta mazito au makaa yana salfa ndani. Ikiungua inakuwa salfa dioksaidi (SO2) na inatoka na moshi. Ndiyo ile gesi inayokaba koo la mtu mwenye pumu, na ikikutana na unyevu angani inageuka asidi na kula mabati na mimea. Kilo 1 ya salfa inatoa kilo 2 za SO2, hilo likae kichwani kwa ajili ya hesabu za chini.

Sasa unachukua unga mkavu, ama trona, madini ya sodiamu (Na2CO3·NaHCO3·2H2O), ama sodiamu baikaboneti (NaHCO3), unaupuliza kwa hewa ndani ya njia ya moshi, baada ya boila na kabla ya kichujio cha vumbi. Hakuna maji, hakuna tope, hakuna pampu za kuliwa na asidi. Moshi ukiwa na joto la nyuzi 140 na kuendelea, chembe ya unga inatoa maji na kaboni dioksaidi iliyokuwa nayo na kubaki kaboneti tupu. Gesi zile zikitoka zinaipasua chembe kutoka ndani kama bisi, na chembe iliyokuwa imefungamana inabaki na vitundu kila upande. Hapo ndipo uwezo wote ulipo. Kaboneti ya kawaida ya dukani, ile soda ash ya viwanda vya vioo, ukiipuliza ilivyo haifanyi kitu cha maana, kwa sababu imeshachomwa kiwandani na haipasuki tena ndani ya moshi. SO2 inagusa ganda la nje, inaligeuza salfeti, na kiini kinabaki kizima.

Matokeo ya mwisho ni sodiamu salfeti, Na2SO4, unga mweupe unaokamatwa kwenye kichujio pamoja na masizi na majivu.

Kikemikali, kila molekuli 1 ya SO2 inataka sodiamu 2. Kwa uzito: kilo 1 ya SO2 inataka kilo 2.63 za baikaboneti, au kilo 2.35 za trona safi. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Uhalisia unategemea usagaji, joto, na zaidi ya yote aina ya kichujio ulicho nacho. Nitaeleza mkiuliza.

---

FundiBoila_Tabata

Mkuu asante kwa somo. Naomba kuuliza kwa lugha ya gereji: hiyo trona ndiyo magadi haya haya ya kuchemshia makande? Kama ndiyo, si tunakwenda sokoni tunanunua magunia tunasaga?

---

MhandisiTanuru

Kaka, madini ni hayo hayo. Bonge la magadi la sokoni kwa sehemu kubwa ni trona. Ila usisage ukamwaga kwenye mtambo, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni uchafu. Magadi ya kukwanguliwa ziwani yana chumvi ya kawaida, mchanga, udongo, na floridi. Hii floridi ndugu zetu wa Arusha na Kilimanjaro wanaijua kwa meno ya watoto. Mchanga unakula kinu na viwiko vya mabomba. Chumvi na floridi hazikamati salfa, zinapita tu na kuishia kwenye majivu, na huko zinaongeza tatizo juu ya tatizo.

Ya pili ni usagaji. Kwa kazi hii unga unatakiwa uwe laini kuliko unga wa sembe kwa mbali sana. Trona ya kibiashara huletwa ikiwa na chembe za maikroni 30 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Baikaboneti inasagwa pale pale mtamboni hadi chini ya maikroni 20 au 25 na kupulizwa mara moja, kwa sababu ikikaa baada ya kusagwa inashikana. Kinu cha kijijini hakifiki huko.

---

MwanaKajiado

Habari zenu. Nimefurahi kuona Magadi ikitajwa kwa kazi nyingine mbali na vioo na sabuni.

Kwa wasiofahamu: Ziwa Magadi liko Kajiado, kusini mwa Nairobi, na kampuni ya kuchimba magadi ilianzishwa 1911. Reli ya tawi ilijengwa kutoka Konza mpaka ziwani kwa ajili ya mzigo huo. Brunner Mond ya Uingereza iliichukua miaka ya 1920, na tangu miaka ya 2000 iko chini ya Tata Chemicals. Trona inachimbuliwa kwenye tabaka la ziwa lenyewe, inaoshwa, halafu inachomwa ili iwe soda ash. Na hapo ndipo napenda ndugu MhandisiTanuru anisaidie: kama soda ash haifai kwa kazi hii, basi bidhaa kuu ya Magadi haifai. Tunayohitaji ni trona iliyooshwa na kukaushwa kwa joto dogo kabla ya tanuru. Je, si bidhaa rahisi zaidi kutengeneza?

---

MhandisiTanuru

Umepiga penyewe. Ndivyo wanavyofanya Wyoming, Marekani. Eneo la Green River lina hazina ya trona kubwa kuliko zote duniani. Iligunduliwa 1938 watu wakitoboa kutafuta mafuta na gesi. Kule trona iko chini sana, inachimbwa kwa migodi ya chini kwa chini kama makaa. Sehemu kubwa inachomwa kuwa soda ash, lakini ipo inayosagwa, kuchekechwa na kuuzwa ikiwa trona, kwa kazi ya moshi na kwa chakula cha mifugo. Hatua ya kuchoma haipo, kwa hiyo nishati inayotumika ni ndogo. Na trona haitengenezwi kwa kemikali kama baikaboneti ya kiwandani. Ndiyo maana kwa kilo inakuwa rahisi zaidi, ingawa unatumia kilo nyingi kupata usafishaji ule ule.

Kwa Magadi tatizo ni kuosha chumvi na floridi bila kuyeyusha trona yenyewe, maana yote yanayeyuka kwenye maji. Linawezekana, linataka soko la kulipia hiyo kazi.

Na niseme kwa upande wetu wa Tanzania kabla mtu hajalitaja Ziwa Natron: naomba tuliache. Sehemu kubwa mno ya heroe wadogo wa dunia nzima wanazaliwa pale. Mpango wa kiwanda wa miaka ya 2006 hadi 2008 uliachwa baada ya kelele nyingi, na kelele zile zilikuwa za haki. Kama ni magadi, bonde la Engaruka lipo na NDC, Shirika la Maendeleo la Taifa, wamelishughulikia miaka mingi.

---

BintiKisauni

Assalaam aleikum. Mimi ni afisa mazingira kwenye kiwanda hapa Mombasa, boila letu latumia mafuta mazito yenye salfa ya asilimia 2 hivi, na kwa saa twachoma karibu tani 1. Kaka, nipigie hesabu hasa, nijue nazungumzia magunia mangapi. Mkubwa wangu hasikii asilimia, asikia magunia.

---

MhandisiTanuru

Waaleikum salaam dada. Mkubwa wako ana akili, tuhesabu kwa magunia.

Tani 1 ya mafuta yenye salfa 2% ina kilo 20 za salfa, yaani kilo 40 za SO2 kwa saa. Kwenye moshi hiyo ni karibu miligramu 3,400 kwa kila mita ya ujazo ya kawaida, oksijeni ikiwa 3%.

Boila lenu linaangukia kwenye kundi la megawati 3 hadi 50 za joto. Mwongozo wa jumla wa 2007 wa IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, kwa boila za kundi hilo unataja miligramu 2,000. Kwa hiyo kufika pale unahitaji kuondoa kama 41%, tuseme 50% ili uwe na nafasi ya kupumua. Angalia pia kanuni za kwenu, mimi nachukulia IFC kwa sababu benki nyingi zinauliza hiyo.

Kamili kwa karatasi, SO2 yote kilo 40 ingetaka kilo 105 za baikaboneti kwa saa. Kwa kuondoa 50% kwenye kichujio cha mifuko ya kitambaa, kadirio langu ni 0.6 ya hiyo: kilo 63 kwa saa, tani 1.5 kwa siku, magunia 60 ya kilo 25.

Ukitaka 90%, unapuliza zaidi ya kiwango cha karatasini, tuseme 1.2: kilo 126 kwa saa, tani 3 kwa siku, magunia 120.

Ona hapo. Kutoka 50 kwenda 90 ni chini ya mara mbili ya usafishaji, lakini unga ni mara mbili kamili, na robo yake inapita bila kufanya kazi. Ndiyo maana nasema ujue kwanza unatakiwa kufika wapi. Mtu anayekuuzia mtambo wa 95% wakati unahitaji 50% anakuuzia unga wa maisha yako yote.

Sasa majivu. Kwa 50% unapata kama kilo 44 za sodiamu salfeti na kilo 6 au 7 za kaboneti ambayo haikutumika, kila saa. Tani 1.2 kwa siku, bado masizi. Kwa 90% ni tani 2.4. Hayo yanakwenda wapi pale Mombasa? Naomba unijibu wewe, nina sababu.

---

BintiKisauni

Sina jibu. Dampo la kawaida haliyataki nikisema ni ya kemikali. Na hapa pwani chini ya miguu yetu ni mwamba wa matumbawe, maji yapita kama kwenye ungo, na mitaa mingi yategemea visima.

---

MhandisiTanuru

Ndiyo sababu yenyewe. Sodiamu salfeti inayeyuka kwenye maji kwa urahisi mno. Lita 1 ya maji ya nyuzi 20 inabeba karibu gramu 190. Linganisha na jasi inayotoka kwenye mitambo ya chokaa na maji: gramu 2 na kitu tu. Mvua moja ya masika juu ya rundo lisilofunikwa inaondoka na rundo lako kwenda kisimani kwa mtu.

Na siyo salfeti peke yake. Majivu haya ni makali kwa alkali, na kwenye mitambo ya makaa imeonekana kuwa sodiamu inafanya aseniki na seleniamu ziachie majivu kwa urahisi zaidi. Kwa mafuta mazito una vanadiamu na nikeli ndani ya masizi, nazo si za kumwaga ovyo. Kwa hiyo hesabu ya mtambo wako ianze na shimo lenye tandiko lisilopitisha maji na paa, au mkataba wa maandishi na anayeyachukua. Mtu asikwambie "ni chumvi tu". Watu wanakunywa yale maji.

Wenzetu wa Ulaya walio na matanuru ya taka wanayarudisha. Pale Rosières-aux-Salines, Ufaransa, kuna kiwanda kinaitwa Resolest kinachopokea mabaki ya sodiamu kutoka kwenye vichujio, kinayayeyusha na kuondoa metali, na maji chumvi safi yanarudi kwenye kutengeneza soda ash. Hilo linawezekana kwa sababu mitambo mingi iko karibu na kiwanda cha soda. Kwetu ni Magadi tu ndipo mtu angeweza kuwaza hivyo, na kwa mizigo midogo iliyotawanyika gharama ya lori ingemaliza faida.

---

Mdau_Colorado

Salamu kutoka baridini. Niko huku kwenye kituo cha makaa, idara ya vichujio. Niongeze mambo mawili ambayo huwa hayasemwi.

Huku Denver, kituo cha Arapahoe, kitengo namba 4 cha megawati 100, walifanya majaribio makubwa miaka ya 1990 chini ya mpango wa makaa safi wa Wizara ya Nishati ya Marekani. Waliweka kila kitu pamoja: vichomeo vya kupunguza oksidi za naitrojeni, urea, na unga wa sodiamu mbele ya kichujio cha mifuko. Waliondoa SO2 kwa 70% wakitumia sodiamu, kwa makaa ya Colorado yenye salfa kidogo, karibu 0.4%.

Kilichowasumbua ni rangi. Baikaboneti ikikamata SO2, sehemu ya oksidi ya naitrojeni (NO) iliyomo kwenye moshi inageuka NO2, nayo ni kahawia. Kwa hiyo unaweza kupunguza salfa vizuri kabisa na dohani ikaanza kutoa wingu la kahawia ambalo halikuwepo jana. Majirani hawana kipimo cha salfa, wana macho. Trona inasababisha hilo kwa kiwango kidogo kuliko baikaboneti. Kule Arapahoe waligundua kwamba ile amonia kidogo inayobaki kutoka kwenye urea inapunguza NO2. Ila amonia ile ile inajishika kwenye majivu, na majivu ya sodiamu yana alkali, ukiyamwagia maji yasitimke vumbi, harufu inakutoa machozi.

La pili ni kichujio. Mwenye kichujio cha umeme, kile kinachonasa vumbi kwa chaji ya umeme, anaweza kutumia sodiamu, na mara nyingi kichujio chenyewe kinafanya kazi vizuri zaidi kwa sababu sodiamu inapunguza ukinzani wa majivu kwa umeme. Lakini kwenye mifuko unga unakaa juu ya kitambaa kama ukoko na moshi unalazimika kupita katikati yake. Unga unaendelea kufanya kazi muda mrefu baada ya kupulizwa. Kwenye kichujio cha umeme una sekunde chache tu za njiani. Ndiyo tofauti ya kufika 90 na kuishia 70 au 80 huku unamwaga unga mwingi zaidi.

---

FundiBoila_Tabata

Mdau, hiyo ya wingu la kahawia imenifumbua macho. Kuna mahali nimeona hivyo hivyo, wakabadilisha vichomeo vyote kumbe chanzo kilikuwa unga.

---

MzeeKinu

Vijana, hamjambo. Nimestaafu, nilikuwa upande wa usafirishaji wa unga kwa hewa kwenye mitambo mbalimbali. Mmeongea kemia vizuri, sasa niwaambie kinachosimamisha mtambo saa nane usiku.

Ni bomba la kupuliza. Hewa ikitoka kwenye blowa imepanda joto kwa sababu imebanwa. Mtu anaunganisha blowa moja kwa moja kwenye bomba la unga, anaona sawa. Trona ikipita kwenye hewa ya nyuzi 60 na zaidi inaanza kuachia maji na kaboni dioksaidi humo humo bombani. Yale maji yanaganda na unga kwenye ukuta. Kiwanda kimoja niliitwa, tulifungua kiwiko cha bomba la inchi 4, ndani lilikuwa limebaki tundu la kupitisha kidole gumba. Ganda lilikuwa gumu, jeupe, lenye tabaka tabaka, tukaligonga kwa patasi. Wao walikuwa wanalalamika kwamba trona waliyoletewa ni mbovu.

Tiba yake ni kipoza hewa baada ya blowa, na pwani ongeza kikausha hewa, maana hewa ya Mombasa au Dar ina unyevu wa kutosha kugandisha chochote. Viwiko viwe vya mzingo mrefu, na viwe vichache. Kila penye kiwiko weka mahali pa kufungulia bila kukata bomba.

Halafu sailo, yaani tangi la kuhifadhia unga. Usiache unga wa baikaboneti uliosagwa ukilala usiku kucha. Saga kadiri unavyopuliza.

---

MhandisiTanuru

Shikamoo mzee. Hilo la kipoza hewa ndilo la kwanza wanalolifuta wakipunguza bei ya zabuni. Nawaomba wadau mlinakili hili la mzee na kulibandika ofisini.

Niongeze upande wa moshi wenyewe kwa dada wa Kisauni. Mafuta mazito yana vanadiamu, na vanadiamu inageuza sehemu ya SO2 kuwa SO3, yaani mvuke wa asidi ya salfa. Sodiamu inaidaka hiyo SO3 kwanza kabla ya SO2, jambo zuri kwa mifuko na kwa chuma cha dohani. Lakini ukipuliza unga kidogo mno mahali penye SO3 nyingi, unapata sodiamu baisalfeti, NaHSO4, ambayo inayeyuka kwenye nyuzi 180 hivi na kunata kama gundi kwenye njia ya moshi. Kwa hiyo kubana matumizi ya unga kuna mpaka, na unga uchanganyike sawa kwenye upana wote wa njia. Sehemu isiyofikiwa na unga ndiyo itakayonata.

Na mifuko: poliesta haivumilii zaidi ya nyuzi 150. Kama moshi wenu unatoka na 180 au 200, ni fibaglasi au PTFE (plastiki inayovumilia joto). Kabla ya kuwasha boila kwa mara ya kwanza, ipakeni mifuko unga ukiwa mkavu ili masizi ya mafuta yasigande moja kwa moja kwenye kitambaa.

---

Mupenda_Lubumbashi

Jambo wandugu. Miye niko Lubumbashi. Huku kwetu na ng'ambo Zambia salfa inatoka kwenye viyeyushio vya shaba. Magadi haiwezi kutusaidia?

---

MhandisiTanuru

Ndugu yangu, kwenye moshi mkuu wa kiyeyushio, hapana. Pale salfa ni nyingi mno, asilimia kadhaa za gesi yote, wakati kwenye boila tunaongea sehemu elfu moja au mbili kwa milioni. Ukipiga hesabu ya 2.63 kwa kila kilo utamaliza ziwa. Gesi nzito kama ile inapelekwa kwenye mtambo wa asidi ya salfa, na huko kwenu asidi ni mali, migodi ya kuchenjua shaba na kobalti inaihitaji kila siku. Unga wa sodiamu unaweza kufaa kwa gesi nyembamba ya pembeni, ile inayovuja kwenye vifuniko na kukusanywa na feni. Wakikwambia moshi mkuu utasafishwa kwa unga, ujue wanakupotezea muda huku watu wa mtaa wakiendelea kukohoa.

---

SarujiMtwara

Na tanuru la saruji?

---

MhandisiTanuru

Tanuru la saruji limejaa chokaa, lenyewe linakamata sehemu kubwa ya salfa ya makaa. Salfa ikizidi, tumia chokaa iliyozimwa, Ca(OH)2. Sodiamu usiisogeze, alkali ikiingia kwenye saruji inamenyuka na mawe ya zege na zege linapasuka baada ya miaka. Ndiyo sababu pia majivu ya makaa yakishachanganyika na sodiamu viwanda vya saruji na zege havitaki kuyanunua. Kituo kilichokuwa kinauza majivu kinaanza kulipia kuyatupa. Hiyo nayo iingie kwenye hesabu.

---

Mchumi_Nishati

Wakuu nimesoma uzi wote kwa heshima, ila niulize la wazi. BintiKisauni akinunua mafuta ya salfa 0.5% badala ya 2%, amepunguza SO2 kwa 75% bila kinu, bila sailo, bila majivu, bila kipoza hewa cha Mzee Kinu. Tangu 2020 meli zisizo na mtambo wa kuosha moshi zimelazimishwa zisizidi 0.5%, kwa hiyo mafuta ya namna hiyo yapo bandarini. Na kwa Dar gesi ya Songo Songo iko tangu 2004. Kwa nini tusianze huko?

---

MhandisiTanuru

Tuanze huko. Nakuunga mkono moja kwa moja, na naomba dada wa Kisauni apige hesabu hiyo kwanza: tofauti ya bei ya tani 1 ya mafuta, izidishe kwa tani 24 za siku, ilinganishe na tani 1.5 za baikaboneti pamoja na tani 1.2 za majivu ya kutupa kwa usalama. Kwa boila la ukubwa wake nadhani mafuta safi yanaweza kushinda, na gesi ikipatikana haina mjadala.

Unga unashinda pale ambapo huwezi kubadilisha unachochoma. Tanuru la vioo, ambako salfa nyingine inatoka kwenye malighafi yenyewe. Kituo cha makaa kilichobakiza miaka michache na hakiwezi kurudisha gharama ya mnara wa maji. Tanuru la taka za hospitali, ambalo mimi ndilo ninaloliona la haraka kuliko yote kwetu: mabomba ya dripu na mifuko ya PVC inatoa asidi ya haidrokloriki, na sodiamu inaidaka hiyo kabla hata ya kugusa SO2. Matanuru mengi yako katikati ya mji, dohani fupi, wodi ya watoto ng'ambo ya ukuta. Pale mzigo wa unga ni mdogo, kilo chache kwa saa, na majivu yake tayari yanahesabiwa kuwa ya hatari kwa hiyo yanatakiwa kuwa na mahali pake. Sielewi kwa nini tunanunua matanuru mapya bila kichujio wala kipulizio.

---

BintiKisauni

Nimepata. Kesho naanza na wauzaji wa mafuta. Lakini kiwanda chetu cha pili chachoma makaa na mkataba wa makaa wamalizika baada ya miaka minne. Nikienda kwa muuza mtambo wa unga, nimuulize nini?

---

MhandisiTanuru

Kabla ya kumuuliza yeye, pima mwenyewe. SO2, SO3, NO, unyevu na joto la moshi mbele ya kichujio, boila likiwa kwenye mzigo mkubwa na likiwa kwenye mzigo mdogo. Joto la mzigo mdogo ndilo litakaloamua, likishuka chini ya nyuzi 140 unga hautapasuka sawasawa.

Halafu mwambie alete kipulizio cha kukodi, cha kwenye trela, akijaribu kwenye moshi wako mwenyewe kwa trona na kwa baikaboneti, viwango tofauti vya unga, na apime NO2 kwenye dohani kila mara. Wenye bidhaa wa kweli wanayo hayo matrela. Chukua majivu ya kila jaribio, yafungie kwenye ndoo yenye jina, yapeleke maabara yapimwe yanachotoa yakiloweshwa maji: salfeti, aseniki, seleniamu, floridi. Bei ya mtambo usiijadili mpaka karatasi ya maabara iwe mezani.

---

MzeeKinu

Na akuonyeshe kipoza hewa kiko wapi kwenye mchoro.

---

BintiKisauni

Ahsanteni sana wazee wangu na ndugu zangu. Nitaleta vipimo vya moshi hapa hapa nikivipata, mnisaidie kuvisoma.